Mkasi na Daftari la Vifo

Mtu akikuambia kwamba waandishi ni watu wapole, wa kunywa chai na kutazama dirishani, mwambie hajamwona Mkasi. Huyu bwana alimvunja mtu pua kabla hajajua kazi ya nukta. Alifuga kondoo tangu alipoweza kutembea mpaka mvi zikamjaa, na kitabu chake cha kwanza, ambacho ndicho cha mwisho pia, alikitoa akiwa na miaka hamsini na mbili. Alikiandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia baba yake alikuwa ameshauharibu. Jina la Mkasi alipewa na wakata manyoya wenzake. Alimvua kondoo mmoja koti lake lote la manyoya kabla wewe hujamaliza kukunja mikono ya shati.

Sasa, habari zake haziendi bila baba yake, na nasema mapema kwamba huyo mzee simpendi, asije mtu akaniambia nimependelea. Alikuwa mfupi, shingo nene, sauti ndogo. Alikuwa na kondoo mia nne na sheria moja. Kondoo akifa, hafukiwi mpaka apasuliwe. Nyuma ya banda palikuwa na meza iliyopigiliwa bati juu, na ukutani, kwenye msumari, daftari lenye jalada jeusi. Unampasua, unatafuta kilichomuua, unaandika sababu kabla hujanawa mikono. Ndiyo maana kila ukurasa ulikuwa na alama za vidole za damu iliyokauka. Minyoo ya ini. Mbwa. Mimba kukaa vibaya. Haki yake nampa: ukikosea sababu ya kifo cha mmoja, ugonjwa utakumalizia zizi zima.

Ubaya ulikuwa kwenye kufundisha. Mkasi alipokuwa na miaka kumi aliandika kwamba mwanakondoo fulani amekufa kwa baridi. Baba alisoma, akamrudisha yule mwanakondoo mezani, akamfungua upya na kumwonyesha mbavu tatu zilizovunjika. Alikuwa amelaliwa na kondoo mwenzake.

"Baridi inavunja mbavu?" aliuliza.

"Hapana, baba."

Basi alichapwa usoni kwa ngozi mbichi ya huyo mwanakondoo, damu ikiwa bado haijakauka, akachapwa mpaka akawa haoni mbele, kisha akapewa kalamu asahihishe. "Andika kilichoua," baba alimwambia. "Siyo unachotaka wewe kiwe kimeua."

Mama alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi wa kupindukia. Alipokuwa peke yake na wanawe wawili, Mkasi na dada yake mkubwa, alimwiga mumewe anavyohesabu kondoo huku akijikuna tumbo, na watoto walicheka wakiwa wameziba midomo kwa mikono. Yule bwana alimpiga kwa zaidi ya miaka ishirini. Alimpiga kwa mkanda, kwa ndoo, kwa chochote kilichokuwa karibu. Majirani walisikia, tena walisikia vizuri sana, wakaongeza sauti za redio zao. Niwaseme tu, wengine bado wapo hai na wanajijua.

Siku mama alipokufa Mkasi alikuwa na miaka kumi na tisa, kijana mzima mwenye nguvu za kunyanyua kondoo dume begani. Habari iliyotangazwa ilikuwa kwamba mama amepigwa pembe na kondoo dume. Lilikuwa jambo la kuaminika, maana yule kondoo dume alikuwa mkorofi anayejulikana, mwaka uliopita alikuwa amemvunja mfanyakazi mguu. Askari alikuja, akamtazama kondoo, kondoo akamtazama askari, na askari akaona ushahidi umetosha. Baba alilia machozi ya kweli. Halafu mbele ya majirani wote alichukua shoka akampiga yule mnyama utosini. Pigo la kwanza halikumuua. Aliendelea kupiga huku akiita jina la mkewe, na watu wazima wenye akili zao wakasema maskini, tazameni alivyompenda.

Lakini sheria ya nyumba ni sheria. Kondoo amekufa, lazima aandikwe. Baba mwenyewe, akiwa bado na watu, alimwambia kijana wake kwa mazoea, "Nenda kamwandike." Na Mkasi akaenda. Alishika kalamu kwa mikono yenye damu, akaandika kondoo dume, miaka sita, sababu ya kifo: uongo wa baba. Juu ya mstari huo aliandika mwingine. Mama. Sababu: nondo, kichwani, mara tatu. Aliyepiga: baba.

Mtu mwingine angeandika vile akaficha karatasi. Yeye alilitundika daftari kwenye msumari wake, mahali ambapo baba hulisoma kila asubuhi. Nilipomuuliza kwa nini, alishangaa. "Lingekaa wapi?" aliniambia. "Daftari linakaa pale."

Asubuhi baba alilisoma. Hakufoka. Alimwita mwanawe ndani ya banda, akamwambia aweke mkono wa kulia juu ya meza, na Mkasi, aliyekuwa na uwezo wa kumwangusha kwa teke moja, akauweka. Nyundo ile ilikuwa ya kupigilia misumari ya uzio. Vidole vitatu vilisagika. Kisha ule ukurasa ulichanwa, ukakunjwa, akaambiwa autafune na aumeze. Aliumeza. Dada alimkuta ameketi nyuma ya banda, mkono umevimba, wino umemjaa mdomoni, akamfunga vidole kwa vipande vya mbao na kitambaa cha gauni la mama. Hakumuuliza chochote. Miezi sita baadaye aliolewa mjini akaondoka.

Mkasi alibaki. Usiniulize kwa nini, watu hubaki. Alijifunza kukata manyoya kwa kushoto, akaoa, akawa yeye ndiye mfugaji na baba akawa msemaji. Kila siku walikula meza moja. Na moyoni alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani: kifo cha mama yake kiandikwe kilivyokuwa, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kukichana.

Mwaka aliotimiza thelathini na moja, siku ya kuogesha kondoo, nusura awe muuaji kama baba yake. Josho lenyewe ni mfereji wa zege uliojaa maji yenye dawa. Kondoo wanaogelea kutoka upande mmoja hadi wa pili, na wewe unasimama ukingoni na mti wenye panda, unawazamisha kichwa mara moja kila mmoja. Baba alisimama nyuma yake akitoa maelekezo ambayo hayakuombwa. Kondoo mmoja aligoma kuingia. "Msukume," baba alisema. "Mbishi huyo, mjinga, kama mama yako."

Mkasi aligeuka akamsukuma yeye. Mzee alitumbukia mzimamzima, na alipoibuka akipiga mikono, mwanawe alimwekea panda shingoni akamrudisha chini. Mapovu yalikuja juu. Kondoo walipita wakimkanyaga mgongoni. Mkasi anakumbuka kwamba alikuwa mtulivu kabisa, akifikiri tu atakavyoandika: amekunywa dawa ya josho. Mkewe ndiye aliyetokea mbio kutoka nyumbani na mkasi wake wa kushonea mkononi, maana alikuwa fundi cherehani, akamdaka mumewe nywele kwa nyuma akamvuta hadi wakaanguka wote wawili. Mzee alitoka akitambaa, akitapika maji ya kijani.

Kesho yake dada alikuja na gari la kukodi akamchukua baba kwenda kuishi kwake mjini. Hakuuliza kilichotokea. Alimfunga mzee mkanda wa kiti, akaweka sanduku lake nyuma, akamwambia mdogo wake, "Kuanzia leo ni wangu mimi." Mkasi alilichukulia neno hilo kama tusi. Dada amechagua upande wake, basi. Kwa miaka mingi baada ya hapo alimwita "yule mlinzi wa muuaji," hata mbele ya watoto.

Ungedhani mzee akiondoka nyumba itapoa. Wapi! Mkasi ndiye aliyekuwa mkali sasa. Dereva wa lori aliyegonga uzio wake ndiye huyo wa pua. Mbwa wa jirani alipoua kondoo wawili, Mkasi alimuua mbwa kwa jembe, kisha akamtupia mwenye mbwa mzoga juu ya meza ya chakula, watu wanakula. Na jioni moja alimpiga mkewe kofi. Mkewe hakulia. Alikwenda bandani akarudi na mkasi mkubwa wa manyoya, akausimamisha chini ya kidevu cha mumewe, ncha zikizama kidogo.

"Baba yako anatoka lini humu ndani?" alimuuliza. "Nilidhani wifi alishamchukua."

Damu ilitiririka ikaingia kolani. Mkasi hakuthubutu kumeza mate.

"Kondoo wote uliowahi kuwa nao umewaandika," mke aliendelea. "Mama yako hajaandikwa. Sasa chagua. Utakaa chini umwandike, au utaendelea kutupiga sisi mpaka mmoja wetu aingie kwenye lile daftari?"

Ndivyo alivyokuwa mwandishi. Hakuna cha kipaji wala nini, alitiwa adabu na mke. Alinunuliwa madaftari ya shule, na kila asubuhi kabla ya kufungulia kondoo aliketi juu ya magunia ya manyoya bandani akiandika kwa kushoto, herufi zimelala upande. Hakujua kupamba. Aliandika alivyofundishwa: amekufa nani, amekutwaje, kimeua nini. Ilimchukua miaka mingi, kwa sababu kila alipofika siku ile alichana akaanza upya.

Mwisho alikwenda mjini na mfuko wa madaftari kumi na moja. Mhariri wa kampuni ya vitabu, mama mmoja mnene mwenye miwani aliyoipandisha kichwani, alinusa harufu ya kondoo akamwambia kwa upole kwamba nyama ya mgahawa hupokelewa mlango wa nyuma. Mkasi alimwekea madaftari mezani. Wiki tatu baadaye mhariri alimwita. Macho yalikuwa mekundu, akasema amesoma mara mbili.

"Haya yote ni kweli?"

"Yote."

"Sina tatizo na kitu ila ukurasa wa arobaini na moja," mhariri alisema. "Siku ya mama yako. Umeeleza nondo, umeeleza damu, umeeleza hata kiatu kilivyomvuka mguuni. Lakini msomaji atauliza, na wewe ulikuwa wapi?"

Mkasi alikaa pale kwenye kiti karibu saa nzima. Kisha aliomba kalamu akaandika pembeni ya ukurasa: Nilikuwa juu machungani. Niliposhuka nilikuta ameshakufa.

Dada alipata habari, akapanda gari akaja hadi zizini, na viatu vyake vya mjini. Huo ulikuwa ugomvi! Alimshika mdogo wake mikono yote miwili. "Acha, mdogo wangu. Nakuomba, nakupigia magoti. Kiache hicho kitabu."

"Unamlinda muuaji."

"Acha tu. Usiniulize."

"Umemlisha, umemfulia, umemkata kucha, mtu aliyempasua mama yetu kichwa. Wewe ni mbaya kuliko yeye."

Dada alimzaba kofi lililomtoa kofia. Halafu akapiga magoti kweli, kwenye samadi, akilia, akisema acha, acha, acha. Mkasi alimruka akaenda kufungulia kondoo.

Kitabu kilitoka, na kilipokelewa vibaya sana na majirani na vizuri sana na kila mtu mwingine. Watu walisimama njiani kumshika mkono ule uliovunjika. Ukurasa wa arobaini na moja ulisomwa redioni. Askari walikuja mara moja, wakamhoji, wakasema aliyeona kwa macho hayupo, wakaondoka na nakala ambayo hawajairudisha mpaka leo. Mkasi alivimba kichwa kidogo, tusifichane. Alinunua koti. Alianza kusema "sisi waandishi."

Kisha maktaba ya mji ikamwalika asome mbele ya watu. Ukumbi ulijaa, wengine wamekaa kwenye ngazi. Dada alikuwepo, safu ya mwisho karibu na mlango, mkoba umekumbatiwa kifuani. Mkasi alimwona, akafurahi vibaya: leo utasikia kwa masikio yako.

Alikuwa ameanza tu ukurasa wa thelathini na tisa pale mlango wa pembeni, karibu na jukwaa, ulipofunguliwa. Mzee wa miaka themanini na sita aliingia na fimbo yake yenye kichwa cha chuma. Alikuwa ametoroka nyumbani kwa dada, amekodi teksi peke yake. Watu walimpisha kwa heshima wakidhani ni msomaji. Alipanda jukwaani hatua kwa hatua, akafika mezani, na kabla mtu hajaelewa aliinua fimbo akampiga mwanawe juu ya sikio. Mlio wake ulisikika hadi nyuma. Akampiga tena, kitabu kikalowa damu, akainua mara ya tatu. Wanaume wawili walimrukia wakambana chini, shavu sakafuni, na bado alikuwa anarusha mateke.

"Waambie!" alipiga kelele kwa ile sauti yake ndogo. "Mmenifanya mimi peke yangu ndiye shetani! Waambie nani alishika lango! Waambie!"

Mkasi alikuwa amepiga goti moja, damu inamwingia jichoni. Hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anamtazama dada, ambaye tayari alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Ni baba yangu, amechanganyikiwa kwa uzee," dada alisema kwa sauti kubwa, imara. "Hajui anachosema. Mtoeni taratibu, namfuata."

Watu wakaamini. Wengine walitikisa kichwa kwa huruma. Mzee alibebwa nje akitukana.

Dada alimwingiza mdogo wake kwenye chumba cha kunawia, akamkalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaanza kumfuta kichwa kwa taulo. Alifanya kazi haraka, bila kumwonea huruma kidonda.

"Ulijua," Mkasi alisema.

"Nilikuwa jikoni, dirishani. Niliona yote."

"Miaka thelathini na tatu umenyamaza."

"Ningemwambia nani? Baba ningemtupa kwa askari siku ileile, tena nikicheka. Lakini wangeniuliza kila mtu alikuwa wapi." Alikamua taulo, maji mekundu yakaenda. "Ulidhani namlinda yule mzee? Nimemwogesha miaka ishirini na moja ili mdomo wake ukae mahali ninapousikia. Leo nimemwacha peke yake saa moja tu, na tazama."

Mkasi alifunika uso kwa mkono ule mbovu, akalia kwa sauti, mtu mzima na koti lake jipya. Dada alimwacha alie kidogo, kisha akamfunga kitambaa, akakaza.

"Haya, jikaze. Wameamini mzee ana wazimu. Ingia, soma kurasa zako, tuondoke. Imekwisha hiyo."

Alirudi ukumbini. Walimpigia makofi wakiwa wamesimama, wengine wanalia, mhariri wake ameweka mikono kifuani. Alikiokota kitabu, akafungua ukurasa wa arobaini na moja, akasoma. Alisoma nondo. Alisoma kiatu. Akafika penye ule mstari wa machungani, akafunga kitabu.

"Hapa nimeongopa," alisema.

Akawaambia. Kwamba hakuwa machungani. Kwamba siku ile mama alikuwa anaondoka, ana mfuko mmoja na nauli. Alikuwa ameshavuka uwanja, anakimbia, akiwa mbele ya mumewe kwa hatua nyingi, na angefika barabarani. Kwamba baba alipiga kelele "Funga lango!" na yeye, aliyekuwa karibu, akafunga, akalishika. Mama alifika akashika zile fito kwa upande wa ndani, nyuso zao zikiwa karibu kabisa, akasema, "Fungua, mwanangu." Hakuogopa hata, alidhani ni mzaha. Alisema mara ya pili. Baba alikuwa anakuja na nondo, hakuwa hata anakimbia tena.

"Nilikuwa nimezoea," Mkasi alisema. "Akisema funga, nafunga."

Mhariri alikuwa ameketi, ameziba mdomo kwa mkono. Hakuna aliyepiga makofi. Kule nyuma dada aliegemea mlango, mkoba umemwanguka. Mama mmoja wa safu ya mbele, mwenye umri wa kuwa mama yake, alikuwa bado anashikilia nakala aliyokuja nayo ili isainiwe. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayemwombea nafasi ya kujitetea:

"Lilikuwa na kufuli, baba?"

"Hapana, mama," Mkasi alisema. "Lilikuwa na mkono wangu tu."